Mikanda ya Mapaja

Kila asubuhi, kabla fundi yeyote hajapanda juu, ilibidi avutwe. Ndivyo mafundi wenyewe walivyoiita ile kazi: kuvutwa. Unapanga foleni chini ya ngazi kuu ya jukwaa, unafika mbele ya afisa usalama, unainua mikono kama mtu anayepimwa suti, naye anaijaribu mikanda yako ya usalama, ile inayokushika ukianguka: anakuvuta mkanda wa kifua, anakuvuta mkanda wa mgongo, kisha anainama kidogo na kukuvuta mikanda miwili ya mapaja, wa kulia na wa kushoto, pale juu kabisa karibu na kinena. Ukiwa umekaza vizuri, mkanda hautelezi. Ukiwa umelegeza, unafokewa, unakaza, unavutwa tena. Afisa akiridhika anagusisha kadi yako kwenye tableti yake, picha yako inatokea, anabonyeza visanduku vinne, na kule ofisini, kwenye skrini kubwa ya meneja, jina lako linageuka kijani.

Bila kijani hupandi. Mlango wa ngazi ulikuwa unafunguliwa na mfumo huohuo, na mfumo haukuwa na huruma ya kumwonea mtu haya. Meneja wa saiti aliupenda kuliko mlo wake. Alikuwa anasimama mbele ya skrini mikono nyuma, anatazama safu za majina zikigeuka rangi, halafu anasema, "Kijani tupu!" kwa sauti ya mtu aliyepokea salamu kutoka kwao. Mafundi walimbatiza Meneja Kijani, naye akalijua jina hilo na kulifurahia.

Afisa usalama alikuwa mwanamke. Yeye walimwita Mama Kofia, kwa kuwa neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa kofia: wapi kofia, vaa kofia, hiyo ni kofia au sufuria? Mwanamke kuwavuta wanaume mikanda ya mapaja! Siku za mwanzo foleni nzima ilikuwa kicheko. Fundi nondo mmoja mwenye domo, aliyeitwa Kasuku, alifika mbele yake, akainua mikono na kusema, "Dada, mimi naona bado nimelegea. Nivute tena." Mama Kofia akamvuta tena, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka Kasuku akasimama kwa ncha za vidole na sauti ikamtoka nyembamba. "Umekaza sasa, kaka?" akamuuliza. Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo, na tangu siku hiyo utani ukaisha. Akawa anawavuta wote: wakubwa kwa wadogo, wembamba kwa wenye vitambi, na hakuna aliyeona ajabu tena.

Wote isipokuwa mmoja.

Kiongozi wa genge la nondo alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya waya. Saiti nzima ilimwita Mzee wa Nondo. Kwa Mama Kofia alikuwa baba mkwe, baba aliyemzaa mume wake. Na si baba mkwe wa kukutana naye kwenye harusi na misiba tu. Mume wake aliponuna kwamba mke hawezi kwenda kushinda na wanaume saiti, ni huyu mzee aliyeingilia kati. "Mwache mwenzako akafanye kazi," alimwambia mwanawe. "Kusoma kote kule kulikuwa kwa ajili ya kufagia ua?" Na nafasi ya afisa usalama ilipotoka, ni yeye aliyekwenda kwa foromani, kofia mkononi, kumwombea. Mama Kofia alikuwa anampenda kama baba yake mwenyewe, na kumwogopa zaidi kidogo.

Asubuhi ya kwanza mzee alipofika mbele yake kwenye foleni, Mama Kofia alimsalimu kama wanavyosalimiana nyumbani. "Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama, baba."

Mzee hakuinua mikono. Alisimama wima, macho kayatupa juu kwenye mawingu, kama mtu anayesubiri mvua. Foleni nyuma yake ikanyamaza. Mama Kofia alitazama mkanda wa kifua, akaona umekaa sawa. Chini ya hapo hakutazama. Angeanzaje? Ainame mbele ya mkwe wake, atie vidole pale, avute, na kesho amwandalie chai mezani? Alitazama tableti badala yake. Kidole kikaenda chenyewe: kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Kijani. Mzee akashusha pumzi, naye akashusha yake, na mlango wa ngazi ukafunguka.

Mfumo ulikuwa na kisanduku cha kila mkanda. Kisanduku cha mkwe haukuwa nacho.

Na tuseme ukweli, njia ya kutokea ilikuwepo, tena nyeupe. Foromani wa zege naye alikuwa na ruhusa ya kukagua. Ilihitajika sentensi moja tu kwa Meneja Kijani: yule ni mkwe wangu, naomba mtu mwingine awe anamvuta. Mama Kofia aliifanyia mazoezi sentensi hiyo akipiga pasi, akioga, akiwa njiani kwenda kazini. Kila alipofika mlangoni kwa meneja iligoma kutoka. Kuisema ilikuwa ni kuwafanya watu wote waione ile picha ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuiona. Halafu ni yeye huyohuyo aliyesimama kwenye mkutano wa asubuhi, kifua mbele, akatangaza kwamba mkanda haujui mkubwa wala mdogo. Basi akajikausha. Kila asubuhi shikamoo, kila asubuhi marahaba, kila asubuhi vidole kwenye kioo cha tableti na macho pembeni. Baada ya muda akaacha hata kuona haya. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Halafu mzee akaanza kuvaa koti.

Lilikuwa koti refu la mvua, la plastiki nzito, linalofika magotini. Alilivaa jua likiwaka. Alilivaa mafundi wenzake wakiwa wamebaki na fulana na jasho likiwachuruzika. Kasuku alimuuliza kama juu huko kuna mvua ambayo wao hawaioni, naye akamjibu kwamba mifupa ya mzee ina hali ya hewa yake. Kama angekuwa fundi mwingine, Mama Kofia angemfokea palepale: vua koti, mkanda hauvaliwi ndani ya nguo! Alishamvua Kasuku sweta mbele ya watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Kwa mzee hakusema kitu. Afadhali koti, alijisemea moyoni, na wazo hilo likamtuliza. Koti lilikuwa limemwondolea kitu cha kukwepa kutazama.

Na nyumbani kwa wakwe dalili zilikuwa wazi, kwa mwenye kutaka kuziona. Mzee alikuwa anakaa kwenye ukingo wa kiti, mguu mmoja kaunyoosha. Alikuwa anatembea akitanua miguu. "Baba yenu siku hizi hata ndoo hataki kunyanyua," mama mkwe alilalamika jikoni. "Nikimuuliza, mkali. Sijui ana nini." Mama Kofia alikuwa anasuuza vyombo. Alisikia vizuri kabisa. Akaendelea kusuuza sahani ambayo tayari ilikuwa safi, maana mambo ya mwili wa mkwe si ya kuulizwa na mke wa mwana.

Siku ilipotokea, yeye alikuwa chini, mlangoni kwa stoo, akihesabu glavu mpya. Kilichomshtua kilikuwa ukimya. Nyundo zilinyamaza zote kwa pamoja, mashine ya zege ikazimwa, na mtu fulani akapiga yowe fupi. Akainua macho.

Mzee wa Nondo alikuwa ananing'inia nje ya jengo, chini ya ukingo wa sakafu ya juu kabisa. Alikuwa amerudi nyuma hatua moja kutazama kama nguzo yake imesimama wima, na ubao aliokanyaga ukapinduka. Kamba ya usalama iliyofungwa mgongoni mwake ilimshika, Mungu ashukuriwe, kamba ilifanya kazi yake. Lakini mkanda wa mwili ulikuwa umempanda. Ulimpanda mpaka kwapani, ukamsukuma mikono juu na kumkaba shingo, na mzee alikuwa anatoka ndani yake taratibu, kama mtoto anayevuliwa shati. Upepo ulilifunua koti. Na chini ya koti, mbele ya saiti nzima, mikanda miwili ya mapaja ilikuwa inaning'inia mitupu, haijafungwa, ikipigana na upepo.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Mama Kofia alichokuwa anakiona. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na palepale akajichukia, kwamba mzee wa watu yuko juu anakufa na yeye anafikiria kujificha.

Kasuku ndiye aliyemwokoa. Alilala kifudifudi ukingoni, wenzake wamemkalia miguu, akamshika mzee kola kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono mwingine, nao wakamvuta kidogo kidogo mpaka tumbo lake likagusa zege. Domo lote la Kasuku lilikuwa limekwisha. Alikaa chini, akamlaza mzee mapajani pake, akalia mbele ya watu.

Mzee alipona. Bega la kulia lilikuwa limechomoka, na mishipa ya fahamu chini ya kwapa ilikuwa imebanwa vibaya. Daktari alisema mkono utarudi kwa kiasi, ila kushika koleo na kusokota waya kutwa nzima, asahau. Na walipomvua nguo wakaona kitu kingine: ngiri, uvimbe kama ngumi pale kwenye kinena, uliokaa muda mrefu bila mtu kuambiwa. Mikanda ya mapaja isingeweza kumkaa bila kumliza. Hakuwa mkaidi wala mzembe. Alikuwa anaumwa mahali ambapo hakuweza kumwambia mtu, na mtu pekee ambaye kazi yake ilikuwa kugundua alikuwa mke wa mwanawe.

Siku iliyofuata Meneja Kijani alikuja wodini na bwana mmoja kutoka makao makuu, mpole, mwenye kompyuta ndogo. Mama Kofia alisimama miguuni pa kitanda. Bwana yule akaifungua kompyuta mapajani na kuwasomea: mfumo unaonyesha mzee alikaguliwa asubuhi ile, visanduku vyote vinne sawa, jina la mkaguzi hili hapa. Kwa hiyo lilikuwa limebaki swali moja tu.

"Mzee wangu, ulilegeza mikanda baada ya kukaguliwa?"

Mzee alitazama dari.

"Nililegeza mwenyewe," alisema. "Afisa alinikagua vizuri. Alinivuta, ikawa imekaza. Nilipofika juu nikaona inanibana, nikaifungua."

Alinivuta. Alilisema neno hilo waziwazi, mzee huyu ambaye hakuwahi hata kuketi kiti kimoja naye, mbele ya wanaume wawili wageni na wagonjwa wa vitanda vya jirani: kwamba mke wa mwanawe alimvuta mikanda ya mapaja. Jambo ambalo wote wawili walikuwa wamekwepa hata kuliwaza, mzee alijipaka mwenyewe usoni ili yeye abaki safi. Mama Kofia alisikia joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Ulikuwa wakati wa kusema. Alifungua mdomo, akaufunga. Bwana yule akaandika, akapiga kitufe, akaifunga kompyuta.

Nje, kwenye korido, Meneja Kijani alimpiga bega kirafiki. "Umepona, dada. Mfumo umekuokoa."

"Na mzee?"

"Mzee kalegeza mwenyewe, kakiri mwenyewe. Kampuni ilikwishafanya yake. Matibabu ya dharura tumelipa, kwa roho safi. Hayo mengine, upasuaji wa ngiri, sijui fidia ya mkono, hapo hana chake." Akatazama saa. "Ni masikitiko, ila rekodi ni rekodi."

Jioni mama mkwe alikuja nyumbani kwao, akakaa bila kuvua mtandio. Mama Kofia alijiandaa kusutwa, na laiti angesutwa. "Mwanangu," mama mkwe alisema, "nimekuja kukuomba msamaha. Mzee huyu! Wewe unamkaza, yeye analegeza. Angekufukuzisha kazi hivihivi. Mkwe amemheshimu, amemtunza, halafu yeye anamtia doa." Na mume wake, aliyekuwa ameegemea mlango, akaongeza kwa uchungu, "Baba ametuaibisha." Mama Kofia alikwenda jikoni kutengeneza chai, akafungulia bomba mpaka mwisho ili wasimsikie. Watu wa nyumba hii walikuwa wamepanga mstari kumwomba msamaha, naye anaupokea!

Siku zikaenda. Kila wiki mfumo ulikuwa unatuma somo kwa saiti zote za kampuni, na kila afisa analisoma kwa sauti kwenye mkutano wa asubuhi, mafundi wakiwa wamesimama kwa magenge yao. Wiki ile somo lilipofunguka kwenye tableti, Mama Kofia alilitambua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Halikuwa na jina. Jina lingehitajika kwa nani?

"Fundi mzoefu wa nondo," alianza kusoma, "alilegeza mikanda ya mapaja kwa makusudi baada ya kufanyiwa ukaguzi..."

Alisita. Genge la nondo lilikuwa limesimama mbele kabisa, na wote walikuwa wanatazama buti zao. Watu ambao mzee huyo aliwafundisha kushika koleo, ambao hakuwahi kuwaruhusu kukata waya bila glavu, sasa hata uso hawauinui. Wanamwonea haya mzee wao, aliwaza. Nyuma, kwenye genge la matofali, mtu mmoja asiyemjua mzee vizuri alicheka. "Uzee huo," alisema. "Mzee kichwa kigumu." Wengine wawili watatu wakacheka naye.

Kicheko hicho kilimkata maini. Meneja Kijani, aliyesimama pembeni ya skrini yake, iliyotolewa nje kwa ajili ya mkutano, akamwashiria kwa mkono aendelee.

"...baada ya kufanyiwa ukaguzi kamili," Mama Kofia akasoma. Kisha akaishusha tableti. "Hakufanyiwa ukaguzi."

"Soma kilichoandikwa, dada," meneja akasema taratibu.

"Kilichoandikwa nimekiandika mimi, na ni uongo. Sikumvuta. Siku ile sikumvuta, wala siku iliyotangulia, wala siku yoyote tangu nije hapa. Yule ni mkwe wangu. Niliona aibu kumgusa, na niliona aibu kuomba mtu mwingine amguse. Nikawa nabonyeza tu. Mzee amesema amelegeza mwenyewe ili mimi nisifukuzwe. Hakulegeza. Hakuwa ameifunga, na mimi ndiye niliyetakiwa kuona."

Alisubiri kelele. Alisubiri angalau mguno. Hakuna kilichotokea, na genge la nondo likaendelea kutazama buti.

Halafu Kasuku akasema, bila kuinua kichwa, "Tulijua, dada."

"Mlijua nini?"

"Kwamba humvuti. Si tulikuwa nyuma yake kwenye foleni? Kila siku tunaona. Akifika zamu yake tunageuka pembeni, tunaongea mambo ya mpira." Akajipangusa pua kwa mgongo wa glavu. "Tulisema tukimwambia meneja, tutakuwa tumewavunjia heshima wewe na mzee."

Mama Kofia akawatazama mmoja mmoja. Kumbe tangu alipoanza kusoma, hawakuwa wanamwonea haya mzee. Walikuwa wanamwonea haya yeye, na wanajionea haya wenyewe. Saiti nzima ilikuwa imegeuza shingo kwa adabu, kila asubuhi, na mzee wa watu akapanda ngazi katikati ya adabu hiyo, mikanda ikining'inia.

Meneja Kijani alimnyooshea mkono. "Tableti." Alikuwa amesawajika. Mama Kofia hakumpa. Kuifungua upya rekodi iliyokwisha kufungwa kulihitaji alama ya kidole cha mkaguzi mwenyewe, mfumo haukukubali cha mtu mwingine, na meneja hakuweza kumzuia mbele ya watu wote wale. Mama Kofia akalitafuta jina la mzee, akabonyeza kidole, akafuta visanduku vinne kimoja kimoja. Kwenye skrini kubwa, katikati ya kijani chote kile, mstari mmoja ukageuka mwekundu. Meneja alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano. Baadaye alimwambia, kwa sauti kavu, kwamba faili la mzee sasa limerudi mezani na kampuni italazimika kulipa upasuaji na kuangalia upya suala la mkono. Kuhusu yeye, asubiri barua. Hakuhitaji kuisubiri. Alipogusisha kadi yake getini kutoka nje, taa iliwaka nyekundu, na mlinzi ambaye kila siku humsalimia kwa utani akafungua geti kwa mkono, akitazama upande mwingine.

Alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, alikwenda wodini. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda kununua dawa. Genge la nondo lilikwishatangulia na kuondoka, maana mezani palikuwa na machungwa, na mzee alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliitikia. "Marahaba." Kisha akasema, "Umesema."

"Nimesema, baba."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote."

"Mimi ningebeba," mzee alisema. "Mkono wenyewe ndio huu, kazi imekwisha. Nilikuwa na nini cha kupoteza? Wewe bado ulikuwa nayo."

"Jina lako, baba. Walikuwa wanalicheka."

Mzee aliongea na ukuta, polepole. "Lile koti nililivaa kwa ajili yako. Nilisema usije ukaona mikanda haijafungwa, ukalazimika kuniambia. Kila asubuhi nafika mbele yako naomba moyoni, Mungu wangu, leo asinivute. Na kila asubuhi hukunivuta. Nikawa nashukuru." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nashukuru!"

Mama Kofia alivuta kiti lakini hakukikalia, akasimama tu nyuma yake, mikono kwenye mgongo wa kiti.

Nesi akaingia kwa haraka zake, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, kashika mkanda mpana wa kitambaa wa kufungia bega. Ule wa awali ulikuwa umelegea, akasema, ndiyo maana bega linauma. Ulitakiwa kuzungushwa kifuani, upite chini ya kwapa, urudi mgongoni, na ukazwe hasa. "Nahitaji mtu wa kunisaidia. Wewe ni binti yake?"

"Mke wa mwanangu," mzee akasema.

"Vizuri. Njoo ushike hapa, nikikwambia vuta, unavuta."

Mama Kofia alitazama mlangoni. Mama mkwe hakuwa anatokea, na mlango ulikuwa wazi kabisa. Nesi akamwinua mzee kitako, akafungua vifungo vya shati la hospitali, akauzungusha ule mkanda kwenye mbavu zake kavu na kumkabidhi Mama Kofia ncha. Akaishika. Hakuivuta. Macho yalikuwa yameshajiendea yenyewe dirishani, kama yalivyozoea.

"Vuta basi, dada! Mgonjwa ataketi hivi mpaka lini?"

Mzee akainua mkono wake mzima. Aliuinua juu, kando, kama mafundi wanavyofanya kwenye foleni, jambo ambalo mbele yake hakuwahi kulifanya hata mara moja. Safari hii hakutazama dari wala mawingu. Alimtazama yeye, macho yamejaa maji.

"Vuta, mwanangu," alisema.

Akavuta.

"Umekaza?" nesi akauliza, tayari anageukia kitanda kingine.

Mama Kofia aliinama, akaangalia vizuri chini ya kwapa, akaangalia mgongoni, akapitisha vidole viwili kati ya mkanda na mbavu za mzee kama alivyokuwa akifanya kwa kila fundi. Mkanda ulicheza.

"Bado," akasema, akauvuta tena.